Saa ya Wazamivu

Mwenzenu nilipotea, nilikuwa TP, na huko nilikopangiwa mtandao unapatikana ukipanda kichuguu. Nimerudi chuoni Jumatatu. Leo sina habari za mabweni wala za bumu kuchelewa (limechelewa, lakini hilo nalo si habari tena). Leo nina historia. Mnajua nasoma ualimu na somo langu la kufundishia ni Historia, kwa hiyo mtanivumilia kama nitarefusha.

Ilianza hivi. Pale idarani kuna ubao wa matangazo ambao sisi wa shahada ya kwanza huwa tunausogelea siku ya matokeo tu. Jumanne nilikuwa nasubiri fomu yangu igongwe muhuri, nikawa nasoma kila kitu kilichobandikwa ili muda uende. Kulikuwa na karatasi mpya yenye namba za usajili za wanafunzi wa shahada ya uzamivu ambao muda wao wa masomo umekwisha au unakaribia kwisha. Wanatakiwa waombe nyongeza kabla ya tarehe fulani, la sivyo usajili wao utafutwa. Nikaisoma kama mtu anavyosoma bei ya magari. Mara nyuma yangu akapita Madam wetu wa semina, akasimama, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akasema, "Huyu ni mimi." Akacheka, akaenda zake darasani.

Mimi sikucheka. Sisi huku chini tunajua kudisko, tunajua sapu, tunajua kubeba kozi kwenda mwaka unaofuata. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayenisahihishia karatasi yangu naye anaweza kudisko. Yule Madam ni mhadhiri msaidizi, ana uzamili, na ili awe mhadhiri kamili lazima apate hiyo PhD. Anafundisha semina zetu, anasahihisha mamia ya karatasi, nyumbani ana watoto wawili, halafu usiku ndiyo anaandika. Na saa yake inahesabu.

Nikajiuliza, hivi hii saa nani aliiweka? Nikaingia maktaba. Nilichokikuta kimeninyima usingizi siku tatu, na nimeona nikimwage hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kiswahili chetu kimeita shahada hii uzamivu, na mzamivu ni yule anayezama chini ya maji kutafuta lulu au kunasua nanga. Aliyechagua neno hilo sijui kama alifikiria habari ya pumzi. Mzamivu akikaa chini mno hatupigi makofi, tunaanza kuita watu.

PhD kama tunavyoijua leo, ile ya kufanya utafiti wako na kuleta jambo jipya, ina mizizi Ujerumani. Chuo Kikuu cha Berlin kilianzishwa 1810, Wilhelm von Humboldt akiwa mbele, na wazo lao lilikuwa kwamba profesa na mwanafunzi wote wawili wanatafuta maarifa, si mmoja kummiminia mwenzake. Kutoka Ujerumani mtindo ukavuka bahari. Yale kule Marekani wakatoa PhD tatu za kwanza za nchi hiyo mwaka 1861. Waingereza, ambao tumezoea kuwaona ndio wenye kila kitu cha chuo kikuu, walichelewa sana: Oxford walikubali shahada hii 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na sababu mojawapo ilikuwa ni kuwavuta Wamarekani ambao kabla ya hapo walikuwa wakikimbilia Ujerumani. Kwa hiyo hata Oxford PhD ni jambo la juzijuzi tu.

Enzi hizo za mwanzo tatizo halikuwa watu kukaa sana. Karl Marx, huyu huyu wa kwenye noti zetu za Development Studies, alisoma Berlin lakini tasnifu yake akaipeleka Chuo Kikuu cha Jena, ambako gharama zilikuwa nafuu na mambo yalikwenda haraka. Aliituma Aprili 6, 1841. Cheti kilitoka Aprili 15, 1841. Siku tisa! Na hata Jena kwenyewe hakukanyaga. Nimemsimulia jamaa yangu wa chumbani akasema basi yeye atasubiri Jena ifungue dirisha tena.

Sasa twende Ufaransa, maana huko ndiko nilikozama mimi.

Wafaransa walikuwa na shahada iliyoitwa doktora ya Dola. Hiyo ilikuwa kazi ya maisha. Mtu wa fasihi au historia aliandika tasnifu kubwa na nyingine ndogo ya kusindikiza, na kwa kawaida alikuwa tayari ni mwalimu wa sekondari mwenye mshahara wake, anafundisha mchana, anaandika usiku na likizo. Kuchukua miaka 10 au zaidi halikuwa jambo la kushangaza. Hakuna aliyebandika namba yako ubaoni.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Fernand Braudel. Alizaliwa 1902. Mwaka 1923 akapelekwa kufundisha sekondari Algeria, wakati huo koloni la Ufaransa, akakaa huko karibu miaka kumi. Mada yake ya mwanzo ilikuwa ya kawaida kabisa, siasa ya mambo ya nje ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania katika bahari ya Mediterania. Mfalme, mabalozi, mikataba, ile historia ya kukariri. Lakini kila likizo alikuwa anaenda kwenye makumbusho ya nyaraka za kale Hispania na Italia, na kadiri alivyosoma ndivyo bahari ilivyozidi kuwa kubwa na mfalme akazidi kuwa mdogo. Kuna jambo moja nimelipenda mno: alinunua kwa Mmarekani mmoja kamera kuukuu ya sinema, akawa anapiga picha nyaraka, elfu mbili hadi tatu kwa siku, halafu anarudi nazo kusoma taratibu kwenye mashine. Yaani kile tunachofanya sisi leo kwa simu kwenye kitabu cha rafu ya akiba, Braudel alikuwa anakifanya miaka ya 1920 na 1930.

Mwaka 1935 akaenda kufundisha São Paulo, Brazili. Akiwa safarini kurudi 1937 akakutana melini na mwanahistoria Lucien Febvre, ambaye akawa kama baba yake wa kitaaluma. Kiangazi cha 1939 ndiyo akajiandaa kuanza kuandika. Hebu hesabuni: miaka 16 ya kukusanya, na ukurasa wa kwanza bado. Chuo chochote cha leo kingekuwa kimeshafuta usajili wake mara tatu.

Kisha vita. Juni 1940 Braudel alitekwa na Wajerumani. Akafungwa kwenye kambi ya maofisa Mainz, kisha kuanzia 1942 akahamishiwa Lübeck, akakaa mpaka vita ilipokwisha 1945. Humo kambini, bila maboksi yake ya noti, akaandika sehemu kubwa ya rasimu kwa kumbukumbu, kwenye madaftari ya shule, na madaftari yakawa yanatumwa kwa Febvre Ufaransa. Alitetea tasnifu yake 1947 na kitabu kikatoka 1949, zaidi ya kurasa elfu moja juu ya Mediterania. Kinaanza na milima, tambarare, visiwa, hali ya hewa, mbuzi na kondoo wanaohamahama. Mfalme anakuja mwishoni. Mhadhiri wetu wa somo la mbinu za historia hawezi kumaliza kipindi bila kukitaja.

Basi mtu akiniuliza kama kikomo cha muda ni kizuri, moyo wangu unakimbilia hapo kwanza. Tungempa Braudel miaka mitatu tungepata tasnifu safi kuhusu mabalozi wa Philip wa Pili, na hakuna ambaye angeisoma leo.

Lakini ngoja. Nisiwadanganye. Kwa kila Braudel mmoja, walikuwepo walimu wangapi wa sekondari waliobeba tasnifu yao kama mtu anavyobeba deni, miaka 15, miaka 20, mpaka wakastaafu nayo? Hao hawana kitabu, kwa hiyo historia haiwajui. Sisi wanafunzi wa historia tuna ugonjwa huo, tunasoma aliyeandika na kumsahau aliyeshindwa kuandika. Wafaransa wenyewe waliliona. Miaka ya 1950 waliongeza doktora ndogo ya muda mfupi, na mwaka 1984 sheria ikaifuta kabisa ile doktora ya Dola na kuweka shahada moja. Leo kanuni yao ya Mei 25, 2016 inasema uzamivu ni miaka mitatu kwa anayesoma muda wote, na hadi miaka sita kwa mwingine. Unajisajili upya kila mwaka, na kuna kamati inayokutana na mwanafunzi kuangalia kama kazi inakwenda, si kazi yake tu bali na hali anayofanyia kazi. Nyongeza ipo, ila lazima iombwe na itolewe na mkuu wa chuo. Kutoka maisha yote hadi miaka mitatu ndani ya kizazi kimoja. Si mchezo.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba miaka mitatu haiwezekani kwa kazi ya maana, nimkumbushe Walter Rodney. Alimaliza shahada ya kwanza Jamaika 1963, akaenda London, na mwaka 1966 akapata PhD ya historia akiwa na miaka 24. Tasnifu ilihusu pwani ya Guinea ya Juu kati ya 1545 na 1800, na ili aiandike ilibidi asome nyaraka za Kireno, Kihispania na Kiitaliano kule kule zilikohifadhiwa. Mwaka huo huo wa 1966 akaja kufundisha Dar es Salaam. Miaka 24! Mimi nakaribia umri huo na bado naogopa presentesheni ya dakika kumi. Ila tuseme ukweli, Rodney alikuwa na ufadhili, hakuwa na semina nne kwa wiki, na akili yake mnaijua. Kumweka yeye kuwa kipimo cha watu wote ni sawa na kusema kila anayekimbia asubuhi amfikie Filbert Bayi.

Sasa swali langu la mwanzo, nani aliweka saa. Jibu nililolipata linanukia pesa, na limetoka Uingereza.

Uingereza kulikuwa na baraza la serikali la kufadhili utafiti wa sayansi za jamii, lilianzishwa 1965. Lilitoa fedha za kuwasomesha wanafunzi wa uzamivu. Mwaka 1979 Margaret Thatcher akaingia madarakani, serikali ikaanza kubana matumizi, na mwaka 1981 Keith Joseph akawa waziri wa elimu. Huyu bwana hakuamini hata kidogo kwamba sosholojia na wenzake ni sayansi. Akamtaka Lord Rothschild, mwanabiolojia, achunguze kama baraza lile livunjwe. Wengi walidhani kaburi limeshachimbwa. Rothschild akatoa ripoti 1982 na kusema lisivunjwe. Likapona, lakini neno "sayansi" likaondolewa kwenye jina lake! Likawa Baraza la Utafiti wa Uchumi na Jamii. Mtu akikushinda hoja, anakunyang'anya hata jina.

Baraza likawa limepona lakini na hofu. Na kulikuwa na jambo moja ambalo maadui zake walikuwa wanalinyooshea kidole: wanafunzi wake wengi wa PhD walikuwa hawamalizi kwa wakati, na wengine hawamalizi kabisa. Fedha ya mlipa kodi imekwenda, tasnifu haionekani. Kwa hiyo mwaka 1985 baraza likatoa adhabu. Zingatieni hapa, maana hapa ndipo kuna utamu: adhabu haikumlenga mwanafunzi. Ililenga chuo. Chuo ambacho wanafunzi wake waliofadhiliwa waliowasilisha tasnifu ndani ya miaka minne hawafiki asilimia 10, kinafungiwa kupewa nafasi mpya za ufadhili kwa miaka miwili. Asilimia 10 tu! Ukiona kizingiti kimewekwa chini namna hiyo ujue hali ilikuwa mbaya kweli. Baadaye wakawa wanakipandisha, hadi kikafika 60.

Matokeo yake yalionekana ndani ya miaka michache. Viwango vya kuwasilisha vikapanda sana. Maprofesa ambao zamani walikuwa wanakutana na mwanafunzi wao kwa bahati kwenye korido, sasa walianza kumtafuta. Idara zikaanza kuuliza mwaka wa kwanza, umefika wapi? Mwaka 1987 ikatoka ripoti ya kamati ya Winfield iliyochunguza suala hili hili la tasnifu kuchelewa katika sayansi za jamii. Kozi za mbinu za utafiti zikawekwa. Na mada zikapungua ukubwa. Hilo la mwisho walimu wengi walililalamikia: kwamba tasnifu imekuwa zoezi la mafunzo badala ya kazi kubwa, kwamba mwanafunzi sasa anachagua swali linaloweza kujibika kwa miaka mitatu na si lile linalomchoma. Na mimi nakubali wanachosema, na bado naona 1985 walifanya jambo moja la haki ambalo sisi hatujalinakili. Walijua kuchelewa kwa mwanafunzi ni kosa la nyumba nzima.

Maana tumechukua nini kutoka kwao? Tumechukua saa. Ile fimbo iliyokuwa ikimchapa profesa tumeiacha uwanja wa ndege.

Turudi kwenye nyongeza. Nimegundua kwamba historia ya nyongeza ni historia ya nani anahurumiwa.

Kuna huyu Brian May. Wapenzi wa muziki wanamjua, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, bendi ya Freddie Mercury wetu, aliyezaliwa Zanzibar 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. (Ndiyo, wetu. Msinibishie, nenda Mji Mkongwe uulize.) May alikuwa mwanafunzi wa uzamivu chuo cha Imperial, London, kuanzia mwaka 1970, anachunguza vumbi linalozunguka jua letu. Alikwenda mpaka kisiwa cha Tenerife kupima mwanga wake, na matokeo mengine yakachapishwa kwenye jarida la Nature 1972. Kufikia 1974 Queen ilikuwa inapaa, akaiweka tasnifu pembeni. Akairudia 2006, Imperial wakamsajili tena, akamaliza 2007, akavaa joho Mei 2008. Miaka zaidi ya 30. Bahati yake nyingine ni kwamba katika muda wote huo watu wachache tu walishughulika na vumbi lile, kwa hiyo mada ilikuwa bado haijaoza. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli, aliirudia kazi akafanya masahihisho kama mwanafunzi yeyote. Lakini nani kati yetu angeingia ofisi ya udahili baada ya miaka 32, akasema nilikuwa napiga gitaa, nikaeleweka?

Na kuna mwingine ambaye hakupiga gitaa. Ingeborg Syllm alizaliwa 1912 Kribi, kwenye pwani ya Kameruni, wakati huo koloni la Wajerumani, akakulia Hamburg. Alisoma udaktari na mwaka 1938 akaandika tasnifu kuhusu ugonjwa wa dondakoo. Profesa wake aliikubali. Lakini mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na chini ya sheria za Wanazi hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mdomo. Profesa akaandika barua kwamba angeikubali kazi hii kama sheria isingezuia. Mwaka huo huo akakimbilia Marekani, akaanza kusoma udaktari upya huko, akaolewa akaitwa Rapoport. Baadaye yeye na mumewe walibanwa Marekani kwa sababu ya siasa zao za kikomunisti, wakaishia Ujerumani Mashariki, akawa profesa wa tiba ya watoto wachanga katika hospitali ya Charité, Berlin. Maisha yakaenda.

Ndipo Chuo Kikuu cha Hamburg kikaamua kulipa deni. Wangeweza kumpa shahada ya heshima, picha mbili tatu, kwisha. Yeye alitaka mtihani wake. Macho yalikuwa yamedhoofu, kwa hiyo marafiki wakamtafutia kwenye intaneti yote yaliyogunduliwa kuhusu dondakoo tangu 1938 na kumsomea. Mei 2015 maprofesa watatu wakafika sebuleni kwake Berlin wakamhoji. Akafaulu. Juni 9, 2015 akakabidhiwa shahada akiwa na miaka 102, miaka 77 baada ya kuwasilisha. Alifariki 2017.

Nimesoma habari zake mara mbili pale maktaba mpaka dada wa dawatini akaniuliza kama nina mafua.

Hiyo ni nyongeza ndefu kuliko zote nilizoziona, na haikuwa huruma. Chuo kilikuwa na deni. Watu wengi wanaochelewa, ukichimba, utakuta kuna mtu mwingine aliyewachelewesha.

Wajerumani wa leo wamejifunza kidogo, si sana. Sheria yao ya 2007 inayohusu mikataba ya muda kwa watafiti inampa mtu miaka sita ya mikataba kabla ya PhD na sita baada yake, halafu nje. Mwaka 2021 ililipuka hasira kubwa mtandaoni baada ya watafiti kuona video ya wizara iliyotumia kikatuni cha binti mtafiti aitwaye Hanna kuelezea kwamba mikataba hii inazuia mfumo usizibe. Maelfu wakaandika "Mimi ni Hanna". Hakuna mtu anayependa kuitwa taka za kwenye bomba. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kipengele kimoja ningekitamani hapa: kila mtoto mdogo unayemlea, muda unaweza kuongezwa miaka miwili. Imeandikwa. Huendi kumlilia mtu ofisini.

Corona nayo ilitufundisha kitu. Mwaka 2020 maabara zilifungwa, maktaba zikafungwa, na Uingereza baraza kuu la utafiti likawapa wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho nyongeza ya hadi miezi sita, pamoja na fedha. Pamoja na fedha, jamani! Kumbe inawezekana. Nyongeza bila fedha ni ruhusa ya kuendelea kuteseka kihalali.

Na kabla sijasahau, huku kwetu, mama wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata PhD ni Wangari Maathai, Nairobi, 1971. Alikuwa amefanya sehemu ya utafiti Ujerumani, Giessen na Munich, akaolewa 1969, akapata mtoto wa kwanza 1970, akamaliza mwaka uliofuata huku akifundisha. Tunampigia makofi, na anastahili. Ila tusije tukatumia jina lake kuwanyima wengine nafasi ya kupumua.

Basi Ijumaa nikajikaza nikaenda ofisini kwa Madam. Nilijifanya nakwenda kuuliza kuhusu insha, lakini yule si mtoto, alijua. Nikamsimulia Braudel na kambi ya Lübeck. Akasema Braudel alikuwa na bahati, Febvre alikuwa anasoma madaftari yake.

Akafungua droo akanionyesha fomu ya nyongeza. Ameijaza yote. Kuna kisanduku cha sababu za kuchelewa, kama mistari minne hivi, na chini yake kuna sehemu ya maoni na saini ya msimamizi. Sura ya nne alimpelekea msimamizi wake mwezi wa tatu. Tuko mwezi wa kumi. Haijarudi. Na kwenye kile kisanduku cha sababu hawezi kuandika hivyo, kwa sababu atakayesoma na kusaini ni huyo huyo.

"Umeandika nini sasa?" nikamuuliza.

Akanisogezea. Kwenye mistari minne ameandika maneno mawili: majukumu ya kifamilia.

Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 30. Nitawajulisha.